Piano ya kanisa imeshika ukungu mweupe kwenye mbao: niisugue, nipulizie laka upya, au niiache?

#1 MwalimuWaKwaya (Jinja)
Habari wakuu. Kanisani kwetu, nje kidogo ya Jinja, tuna piano ya kusimama ya Kiingereza, ya kahawia, iliyoletwa na wamishonari kabla ya uhuru wa 1962. Sauti bado ipo. Fundi wa kutuni alipita mwaka jana akasema ubao wa sauti hauna ufa. Shida yangu ni sura yake. Tangu mvua za Machi mbao za mbele zimeshika weupe. Si vumbi, maana vumbi linafutika. Ni kama mtu amepulizia pumzi kwenye kioo halafu pumzi ikagoma kuondoka. Ubao wa juu, ule ulio mbele ya uso wa mpigaji, ndio umezidi. Ubao wa chini una mabaka tu. Mfuniko wa vibao vya kupigia bado unang'aa.

Kamati inataka tuipake rangi nyeusi mambo yaishe. Mimi sitaki. Chini ya ule weupe kuna mbao yenye mistari ya ajabu, ukiimulika kwa tochi ubavuni unaiona inacheza. Anayejua aniambie: ukungu huu unatoka wapi, na unatolewaje?

#2 FundiNdeeba
Laka imechoka hiyo, mwalimu. Msasa 240, sanding sila ya kuziba vitundu vya mbao, kisha laka mikono mitatu. Siku mbili kazi imekwisha. Ilete Ndeeba, hapa Kampala.

#3 MzeeEntebbe
@FundiNdeeba polepole na huo msasa, mwanangu. Piano hizo hazikutengenezwa kwa mahogani nzima. Juu kuna venia, tabaka jembamba la mbao nzuri lililogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Ukiingia na 240 ya mashine, kwenye kona utaiona mbao ya chini kabla chai yako haijapoa. Na venia ikishakwenda, imekwenda.

Mwalimu, kabla ya kutafuta dawa jua kwanza ngozi ya mgonjwa. Chovya pamba kwenye spiriti, iguse mahali pasipoonekana: upande wa ndani wa mfuniko wa juu, au nyuma ya mguu. Iache hapo nusu dakika. Ikinata, na pamba ikatoka na rangi ya chai, hiyo ni shelaki, yaani frenchi polishi. Spiriti ikipita bila kuacha alama, jaribu thina ya laka. Ikilainika, ni laka ya selulosi. Zote mbili zikishindwa, una poliyesta au kitu kingine kigumu cha kisasa. Kila ngozi hupata weupe kwa njia yake, na dawa ya huyu ni sumu ya yule.

#4 MwalimuWaKwaya
Asante mzee. Jumamosi nitajaribu.

#5 NnyaboKasese
Mimi nafundisha kemia, na nauliza kwanza: ukungu gani? Maana Kiswahili chetu kinatupa neno moja kwa vitu viwili. Unaotanda juu ya ziwa asubuhi ni ukungu, na unaoota kwenye mkate ni ukungu vilevile. Wenzangu hapo juu wameshika ule wa kwanza bila kuuliza wa pili.

Kanisa la mabati, madirisha yamefungwa Jumatatu hadi Jumamosi, mvua za Machi hadi Mei, ziwa hapo chini. Kuvu hawahitaji kualikwa. Fungua ubao, angalia upande wake wa nyuma ambao hauna vanishi. Ukiona vidoa vya kijivu na ukasikia harufu kama ya gunia lililolowa, umepata jibu. Kuvu hufutwa kwa kitambaa chenye siki, kisha mbao inakaushwa. Wakirudi baada ya wiki mbili, tatizo ni chumba, si piano.

#6 BukobaMjini
Ng'ambo hii ya ziwa tunaujua ugonjwa huo. Kabati la marehemu bibi, la shelaki, kila masika linapata utando wa rangi ya samawati iliyofifia, kama ule ulio juu ya zabibu. Hatupulizii chochote. Maji nusu lita ya uvuguvugu, siki kijiko kimoja cha chakula, kitambaa cha pamba kimekamuliwa hadi hakidondoshi. Unafuta kwa kufuata mistari ya mbao, halafu kitambaa kikavu nyuma yake hapo hapo. Usiache unyevu ukae hata dakika. Linang'aa mpaka masika mengine.

Kwa hiyo siki inakubalika kwangu, ila si kwa sababu ya kuvu. Ule utando ni unyevu na mabaki ya mafuta na sabuni yaliyolala juu ya polishi.

#7 BodaMbale
Mimi spiriti sikuwa nayo nikatumia waragi kwenye meza ya mzee. Ilikuwa na alama ya kikombe, sasa ina doa jeupe la ukubwa wa sahani. Nilidhani pombe ni pombe.

#8 NnyaboKasese
@BodaMbale pole. Waragi ya dukani ina pombe asilimia 40 hivi, inayobaki karibu yote ni maji. Umeilainisha shelaki kwa pombe, kisha ukaingiza maji kwenye mwili uliolainika. Ndiyo kazi yenyewe ya kutengeneza weupe. Spiriti ya kupolishia ina pombe zaidi ya asilimia 90, na ikikaa wazi inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo hata chupa ya spiriti iliyosahaulika bila kizibo inaweza kukuharibia kazi.

#9 MzeeEntebbe
@BodaMbale doa hilo bado linatibika kwa sababu ni jeupe. Weupe una maana maji yamo ndani ya polishi. Lingekuwa jeusi ningekuambia maji yamefika kwenye mbao, na hapo polishi yote ingebidi itoke. Paka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, uache usiku kucha, asubuhi ufute. Likibaki kidogo, dawa ya meno nyeupe kwa ncha ya kidole, taratibu, maana ile husugua.

#10 BodaMbale
Nimepaka. Nitaleta habari.

#11 KisumuNdogo
Naomba nipenye. Yangu ni Yamaha nyeusi, nimeinunua ikiwa imetumika, ilikuja kwa meli hadi Mombasa. Ilikuwa kioo. Sasa ukisimama upande wa dirisha inaonekana kama imepanguswa kwa maziwa. Spiriti haifanyi kitu, thina haifanyi kitu. Nayo ni unyevu?

#12 RangiKatwe
Hiyo ni poliyesta, niachie mimi. Napiga rangi magari mwaka wa kumi na nne sasa. Weupe wako si maji, ni mikwaruzo. Mtu anafuta vumbi la murram kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Lile vumbi jekundu lina mchanga ndani yake, kila mpanguso ni msasa. Mikwaruzo elfu moja midogo inatawanya mwanga, jicho linaona maziwa.

Tiba ni ile ya boneti ya gari. Kama mikwaruzo haishikiki kwa ukucha, kompaundi ya kung'arisha peke yake inatosha. Ikishikika, msasa wa maji 1500, kisha 2000, kwa mstari ulionyooka, maji yenye tone la sabuni, halafu kompaundi kwa pedi ya sponji, mashine iende mwendo wa chini. Poliyesta ni nene kuliko rangi ya gari, kwenye uwanda una nafasi. Kwenye kingo huna. Niliwahi kushika mashine juu ya kona ya piano ya mteja nikijisahau sekunde tatu tu, nikaona kahawia ya mbao inachungulia. Nililala vibaya wiki nzima. Tangu siku hiyo kingo zote nazifunika kwa selotepu ya karatasi na kona namalizia kwa mkono.

#13 KisumuNdogo
Dah, kumbe ni mimi na kitambaa changu. Nimeshaloanisha kingine.

#14 GuluKaskazini
@RangiKatwe ongeza moja. Poliyesta ina weupe mwingine ambao kompaundi haiugusi: doa la kifedha, linang'aa kama ganda la samaki, mara nyingi kwenye ukingo au mahali piano iligongwa. Hapo poliyesta imeachana na mbao na hewa imeingia katikati. Gonga kwa kucha, utasikia sauti ya utupu. Watu hudondoshea supagluu ile nyepesi kama maji kwenye ufa, inajivuta yenyewe ndani, unakandamiza, doa linatoweka mbele ya macho yako.

#15 RangiKatwe
Kweli kabisa, nilisahau. Funika uso wa jirani kwanza kabla ya kudondosha.

#16 MwalimuWaKwaya
Nimerudi na majibu, nayo yamenichanganya.

Kwanza namna nilivyoutoa ubao, kwa wenzangu wenye piano kama hii. Unainua mfuniko wa juu. Ndani, kila upande, kuna kitasa kidogo cha mbao. Nilikizungusha cha kushoto, cha kulia kikagoma, nikakitia nta ya mshumaa. Ubao ukaegemea mbele, nikaupokea kwa kifua. Wa chini unashikiliwa na chuma bapa chenye springi chini ya kitanda cha vibao. Unakisukuma juu kwa vidole, ubao unaanguka kuelekea kwako. Nilikuta ndani kadi ya Noeli, senti za zamani zenye tundu katikati, na kiota kikavu cha panya.

Sasa vipimo. Upande wa ndani wa mfuniko: spiriti ilinata papo hapo, pamba ikawa ya chai. Shelaki, kama mzee alivyosema. Lakini kwenye ukingo wa chini wa ubao wa mbele, spiriti ilikaa dakika nzima bila kitu. Thina ikalainisha ndani ya sekunde tano.

Nyuma ya ubao hakuna vidoa wala harufu ya gunia. Kuna harufu ya mbao kuukuu tu.

Nikapangusa weupe kwa tapentaini ya madini. Ukatoweka wote! Nikamwita mke wa mchungaji aje aone. Alipofika, ilikuwa imekauka, na weupe umerudi.

#17 FundiNdeeba
Si nilisema laka? Kuna mtu aliwahi kuipulizia.

#18 MwalimuWaKwaya
Nimeuliza. Daftari la kamati linasema miaka miwili nyuma, mwezi Novemba, "kupuliza piano mbele", na malipo ya fundi. Mimi nilikuwa sijahamia hapa.

#19 FundiNdeeba
Novemba! Basi tumemaliza. Ngoja nieleze kwa sababu jambo hili limenitesa mwenyewe kabla sijalielewa.

Mimina spiriti kidogo kiganjani, upulizie. Unasikia baridi. Thina ya laka inaruka haraka zaidi, kwa hiyo inapoza uso wa mbao kwa nguvu. Hewa ya Novemba imebeba maji mengi. Uso ukipoa, maji yanatua juu yake kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Ila hapa yanatua kwenye laka mbichi, laka inakauka yamo ndani, unapata weupe. Sisi tunasema laka imeota. Asubuhi ya mvua nimeona milango minane ikiota yote mbele yangu, mwenye nayo amesimama pale pale.

Dawa ipo. Ile thina ya kuchelewesha, inayokauka polepole, unaipuliza kama umande tu juu ya laka iliyoota. Laka inafunguka, maji yanapata njia ya kutoka, inajifunga tena ikiwa safi. Huhitaji msasa kabisa. Lakini siku ya jua, saa tano hadi saa tisa, si kabla wala baada.

#20 MzeeEntebbe
Umeeleza vizuri kuliko nilivyotarajia baada ya ule msasa 240. Lakini nina swali. Laka huota siku ile ile, mara nyingi kabla fundi hajaosha bunduki yake ya kupulizia. Mwalimu anasema weupe umekuja Machi ya mwaka huu. Miezi zaidi ya kumi na tano ulikuwa umejificha wapi?

#21 FundiNdeeba
Pengine ulikuwepo, wakaupaka mafuta ukafichika. Mafuta yakikauka unarudi. Si ameona mwenyewe, tapentaini ikiwa mbichi weupe haupo?

#22 NnyaboKasese
Hicho kipimo cha tapentaini kinasema kitu kingine. Weupe ukitoweka chini ya kimiminika na kurudi kikikauka, maana yake tatizo liko juu ya uso: kitu chenye mikwaruzo au chembechembe. Kimiminika kinajaza mabonde, mwanga unapita sawa. Ndiyo maana kokoto ya mtoni inapendeza ikiwa imelowa. Kama maji yangekuwa yamefungiwa katikati ya laka, kupaka tapentaini juu kusingebadilisha lolote. Najitoa kwenye kuvu, nyuma ya ubao pamenishinda. Lakini sijiungi na laka iliyoota.

#23 FundiNdeeba
Mwalimu wa kemia, laka iliyoota ina vitundu vidogo hadi juu. Tapentaini inaingia humo. Nimeona kwa macho.

#24 BukobaMjini
Na mimi nauliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Nani anaisafisha hiyo piano, na anatumia kitu gani?

#25 MwalimuWaKwaya
Akina mama wa usafi, kila Jumamosi. Wanatumia polishi ya kopo la kupulizia, yenye harufu ya limau. Walianza Januari, tulipoletewa zawadi ya katoni nzima.

#26 BukobaMjini
Januari wameanza, Machi weupe. Mnasemaje?

#27 KapingaMorogoro
Hapo mmefika. Makopo hayo mengi yana silikoni na nta. Kila Jumamosi tabaka juu ya tabaka, halafu vumbi na moshi wa mishumaa vinanasa katikati. Na tapentaini mara moja haitoshi, unatakiwa ubadilishe kitambaa kila mpanguso, la sivyo unahamisha uchafu kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa jirani yangu ilichukua mpanguso wa sita ndipo kitambaa kikatoka cheupe.

@FundiNdeeba zingatia hili kabla hujaenda Jinja na bunduki yako: silikoni ikibaki, laka mpya itakataa kushika. Itajikunja na kuacha vitundu vya duara kama macho ya samaki, uso mzima. Hapo ndipo mtu analia.

Na polishi hizo zisipulizwe kamwe karibu na vibao. Zikifika kwenye nyundo au kwenye pini za nyuzi, hakuna fundi wa kutuni atakayekushukuru.

#28 FundiNdeeba
Macho ya samaki nayajua, nimeyachukia tangu nianze kazi. Kwenye hilo nakubali, isafishwe kwanza.

#29 KisanganiKwetu
Salamu toka Congo, ndugu zangu. Sisi huku hiki chombo tunakiita kinanda. Kwa nini mnaandika piano?

#30 BukobaMjini
Kinanda kwetu ni kile cha kanisani cha upepo, au cha umeme. Piano ina nyundo na nyuzi, tumeliacha jina lake.

#31 KisanganiKwetu
Lakini hiki nacho kiko kanisani!

#32 MzeeEntebbe
Tusipotee. Ila wakati mmetaja msasa: vijana mnajua kwamba msasa ni mti kwanza? Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Waganda wanauita luwawu. Babu yangu alilainishia vigoda na mipini ya majembe kwa majani hayo, anayakausha kivulini, anayaloanisha kidogo kabla ya kutumia ili yasivunjike. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la mti.

#33 GuluKaskazini
Huku tunao. Kwa jani lililochakaa unapata kumalizia laini kuliko karatasi ya 400, naapa.

#34 RangiKatwe
Lete gunia moja Katwe nijaribu.

#35 SeminariMasaka
Nimesoma uzi wote. Naleta wazo la tatu, au la nne, nimepoteza hesabu. Ndani ya mfuniko ni shelaki, nje ni laka. Maana yake yule fundi wa Novemba alipuliza laka juu ya frenchi polishi ya zamani bila kuiondoa, na huenda juu ya nta ya miaka hamsini pia. Shelaki safi inakubali laka. Shelaki yenye nta juu yake haikubali. Ngozi mbili zinakaa pamoja mwaka mmoja, halafu jua na mvua zinazivuta kila moja kivyake. Laka inaanza kuachia, hewa inaingia kati, na hewa kati ya ngozi mbili ni nyeupe. Ni kama alivyosema @GuluKaskazini kuhusu poliyesta, ila kwa wembamba zaidi. Mwalimu, je, kwenye weupe ukipitisha ukucha, kuna magamba yanayoinuka?

Na mwenzetu aliyeandika shelaki ni utomvu wa mti...

#36 NnyaboKasese
Hakuna aliyeandika hivyo.

#37 SeminariMasaka
Samahani, nilisoma kwenye uzi mwingine. Hata hivyo niseme: si utomvu wa mti. Ni kitu anachotoa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi, huko India na Thailand hasa. Wanakwangua matawi, wanayeyusha, wanakunjua kama chapati kubwa nyembamba, kisha wanavunja vipande. Ukivichanganya na spiriti tumia ndani ya miezi sita hivi. Shelaki iliyolala sana kwenye chupa haikauki sawasawa, inabaki inanata, na hiyo nayo inashika weupe.

#38 MzeeEntebbe
Hilo la chupa iliyolala liandikwe kwa herufi kubwa. Mimi naandika tarehe kwenye kila chupa kwa kalamu ya mbao.

#39 MwalimuWaKwaya
@SeminariMasaka magamba hayapo mbele. Lakini karibu na bawaba ya kulia kuna pahali kama kucha ya kidole gumba, ukikwaruza inatoka unga mweupe.

@KapingaMorogoro nimefanya mpanguso wa saba, vitambaa saba, nilichana shuka. Vitatu vya mwanzo vilitoka na rangi ya ugoro na vinateleza kama vina mafuta. Cha saba kilitoka safi. Upande wa kushoto umerudi! Nimekaa mbele yake nikaona sura yangu na dirisha nyuma yangu, na mistari ya ile mbao ikiwa kama moshi unaopanda. Sikuwahi kuiona hivyo. Upande wa kulia, kuanzia katikati hadi kwenye bawaba, haujabadilika hata kidogo.

#40 BukobaMjini
Kushoto nimeshinda mimi na Kapinga.

#41 FundiNdeeba
Na kulia ni mimi. Nta imetoka, kilichobaki ni laka iliyoota. Bunduki inapuliza kutoka kushoto kwenda kulia, huyo fundi alianza jua likiwepo, akamalizia wingu limefika.

#42 SeminariMasaka
Au kulia ndiko ilikobaki nta ya zamani chini ya laka. Ule unga karibu na bawaba unanipa mimi haki.

#43 NnyaboKasese
Mwalimu, piano imekaaje? Upande wa kulia unatazama nini?

#44 MwalimuWaKwaya
Dirisha la magharibi. Halina pazia. Jua la saa kumi linagonga pale pale.

#45 NnyaboKasese
Basi ongezeni jua kwenye orodha yenu. Laka ya selulosi inageuka manjano na kuwa ngumu kama biskuti ikipigwa na jua, kisha inapasuka vinyufa visivyoonekana. Vinyufa hivyo ni vyeupe. Kioo cha kukuzia cha maabara kitakuonyesha: ukiona mtandao kama wa buibui, ni jua. Ukiona laini yenye weupe wa ndani, ni maji ya Fundi. Ukiona kama malengelenge bapa, ni ngozi mbili za Seminari.

#46 MwalimuWaKwaya
Nitaazima kioo shuleni Jumatatu.

#47 BodaMbale
Meza ya mzee: doa limepungua nusu baada ya usiku mbili za mafuta. Mzee ameuliza nani aliyepaka meza mafuta ya kujipaka. Nimesema ni dawa.

#48 MzeeEntebbe
Endelea, usiku mwingine mmoja. Usiongeze waragi.

#49 RangiKatwe
Mwalimu, nisikilize kitu kimoja. Mfuniko wa vibao, ule unaong'aa bado, una jina la mtengenezaji kwa herufi za dhahabu?

#50 MwalimuWaKwaya
Una jina na mji, London, kwa mwandiko wa kupinda. Dhahabu imepungua kidogo tu.

#51 RangiKatwe
Usiguse hapo. Usipitishe spiriti, thina, kompaundi, wala kitambaa cha siki. Herufi zile ni karatasi ya kubandika au dhahabu nyembamba kuliko pumzi. Nimeona kinanda, samahani, piano, imesafishwa vizuri kila mahali na jina limebaki nusu. Mwenye nayo hakuona mng'ao, aliona lile pengo. Weka kadibodi juu yake kabla hujafanya lolote jirani.

#52 FundiNdeeba
Na mimi nasema hadharani: ile 240 naifuta. Kama mwalimu atakubali, nitakuja Jinja na thina ya kuchelewesha na bunduki ndogo. Tutajaribu kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na bawaba, chini kabisa. Kikifunguka tunaendelea. Kisipofunguka nimebeba vifaa vyangu nimerudi Ndeeba, na sidai nauli.

#53 SeminariMasaka
Na ikiwa chini kuna nta, thina itaikoroga na kuinua kila kitu. Jaribu kwanza kipande cha kiganja kwa kutoa laka kabisa, uone shelaki ya chini ikoje. Kama shelaki ipo hai, mtu mwenye subira anaweza kuirudisha kwa pamba iliyofungwa kitambaa, spiriti, shelaki changa na tone la mafuta. Hiyo ndiyo sura iliyotoka nayo London.

#54 MzeeEntebbe
Hapo nipo na Seminari kwa moyo, na nipo na Fundi kwa mfuko wa kanisa. Frenchi polishi ya ubao mmoja ni siku nyingi za mkono, na mkono wenyewe ni wa kujifunza. Lakini vyovyote mtakavyochagua, si mwezi huu. Huku Entebbe asubuhi kuta zinatoa jasho. Ngojeni Desemba au Januari.

Vitambaa vile vya tapentaini na mafuta visikunjwe na kuwekwa kwenye kona ya sakristia. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Vya mafuta ya kitani hasa hujiwasha moto vyenyewe.

#55 MwalimuWaKwaya
Vitambaa nimevianika kwenye ua sasa hivi, asante.

Kamati imekaa jana. Niliwapelekea ubao wenyewe badala ya maneno, nikausimamisha juu ya meza ya mkutano, kushoto kukiwa kumesafishwa na kulia bado. Hakuna aliyetaja rangi nyeusi tena. Makopo ya limau yamekwenda kwenye madawati ya plastiki. Mama mmoja amejitolea pazia la dirisha la magharibi, kitambaa kizito, anashona wiki hii.

Kioo cha kukuzia nimekipata leo. Katikati ya upande wa kulia naona laini yenye weupe wa ndani. Nikisogea kuelekea kwenye bawaba, kuanzia upana wa viganja viwili hivi, unaanza mtandao wa buibui. Malengelenge sijayaona, ila pale penye unga kuna ukingo umeinuka kidogo sana, na sijui niuite nini.

#56 FundiNdeeba
Laini yenye weupe wa ndani. Asante.

#57 NnyaboKasese
Mtandao wa buibui. Asante pia.

#58 SeminariMasaka
Ukingo ulioinuka! Piga picha ukimulika tochi kwa ubavu, karibu kabisa.

#59 MwalimuWaKwaya
Umeme umekatika na mvua imeanza. Ubao uko sakristia, umeegemea ukuta wa ndani, uso umeangalia chumba. Picha kesho.